Somo: Kopo la dawa ya zabibu likiisha, kazi haijaisha

Somo hili ni la wakulima wa zabibu wa Mpunguzi, Hombolo, Mvumi na kote Dodoma wanakopuliza dawa kila msimu. Zabibu inakula dawa: ya ubwiri unga, ya ubwiri vinyoya, ya mchwa wanaokata mizizi. Msimu ukiisha, pembezoni mwa shamba pamejaa chupa na pakiti. Kisheria na kiafya, hizo ni taka hatarishi, si takataka za kawaida.

Kwetu jambo hili ni zito zaidi kwa sababu ya maji. Mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na miezi mingine watu na mifugo hunywa maji ya visima vinavyochimbwa kwenye mchanga wa korongo. Chupa iliyotupwa korongoni Julai inasubiri tu mvua ya kwanza iisuuze, na maji hayo ndiyo yanayozama mchangani. Hata mjini, tegemeo kubwa ni visima virefu vya Makutupora. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua sufuriani, dawa nyingi inabaki.

Vifaa. Glovu za mpira mzito zinazofika kiwiko (zile nyembamba za hospitali hupasuka), miwani ya kukinga macho, aproni ya plastiki, buti, suruali ikiwa nje ya buti. Kikombe cha kupimia kisichoingia jikoni. Msumari mkubwa au patasi. Gunia imara au ndoo yenye mfuniko.

Hatua ya 1: chagua mahali. Changanyia dawa shambani, angalau mita 50 kutoka kisimani au korongoni. Usichanganyie kwenye bomba la maji la kijiji kwa sababu tu maji yako karibu.

Hatua ya 2: jaza bomba la kupulizia nusu kwanza. Kwa bomba la mgongoni la lita 16, weka lita 8 za maji, kisha dawa uliyopima. Nafasi iliyobaki ni ya maji ya kusuuzia. Wengi hukosea hapa: wanajaza bomba mpaka juu, halafu maji ya kusuuzia wanayamwaga chini.

Hatua ya 3: suuza mara tatu, palepale. Chupa ikiisha, iinamishe juu ya mdomo wa bomba kwa sekunde 30 baada ya mkondo kugeuka matone. Weka maji safi robo ya chupa, funga kifuniko, tikisa kwa sekunde 30 ukiigeuza juu chini. Mimina ndani ya bomba, acha idondoke tena sekunde 30. Rudia mara ya pili na ya tatu. Suuza na kifuniko.

Kwa nini tatu na si moja kwa maji mengi? Tuseme chupa ya lita 1 imebakiwa na mililita 10 za dawa ukutani na shingoni. Ukisuuza kwa mililita 250, na yakabaki tena matone ya mililita 10, ndani yake dawa halisi ni kama mililita 0.4. Mara ya pili inashuka hadi 0.015, mara ya tatu chini ya 0.001. Maji hayohayo, mililita 750, ukiyatumia kwa mkupuo mmoja, inabaki 0.13, zaidi ya mara 200 ya ile ya kusuuza mara tatu. Na usiseme utasuuza jioni. Dawa ikikauka hugandamana na plastiki, na kuitoa ni shida.

Maji hayo si uchafu, ni dawa uliyoinunua. Ongeza maji hadi lita 16 ukapulize.

Pakiti za plastiki au foili: kata mdomo wote, fungua kona, suuza vilevile mara tatu. Mifuko ya karatasi haisuuziki; ikung'ute ndani ya bomba, ikunje, iweke gunia lake.

Hatua ya 4: toboa. Toboa kitako na ubavu, matundu matatu au manne, ili asiwepo wa kuchotea maji. Usiharibu lebo, maana anayepokea taka lazima ajue kilichokuwamo.

Hatua ya 5: hifadhi. Weka kwenye gunia, ndani ya stoo yenye kufuli, mbali na chakula, mbegu na pumba za mifugo. Si chumbani, si chini ya kitanda.

Hatua ya 6: safisha bomba. Weka lita 2 za maji, tikisa, pulizia mistari ileile ya mizabibu. Rudia. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, na maji yake yasimwagwe kwenye bustani ya mchicha.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Hombolo: Shikamoo mwalimu. Kwa nini tusichome tu? Si zinakuwa majivu?

Marahaba. Moto wa shambani hauna joto la kutosha wala hauko sawa kila mahali. Tanuri za taka hatarishi hufanya kazi kwenye nyuzi 850 hadi 1,100 za Selsiasi na zaidi, tena moshi wake huchujwa. Kwenye moto wa chini, sehemu ya dawa huruka na moshi ikiwa haijaungua, na dawa zenye klorini zinaweza kuzaa dayoksini, sumu inayokaa miaka mingi kwenye udongo na kwenye mafuta ya mwili wa ng'ombe na binadamu. Anayeota moto huo anaivuta.

Mwanachama, Mvumi: Madumu ya lita 5 ni mazuri. Mama zetu wanayaosha kwa sabuni ya unga na mchanga, wanawekea mafuta ya alizeti. Harufu inaisha kabisa.

Harufu kuisha si dalili ya usalama. Plastiki hunyonya dawa ndani ya ukuta wake, sabuni haifiki huko. Dawa nyingi za maji mazito huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji, kwa hiyo mafuta ya alizeti yataivuta taratibu kutoka ukutani. Hata lililosuuzwa mara tatu halifai kwa chakula wala maji. Litobolewe.

Mwanachama, Mpunguzi: Nikichimbia shimo refu, au nikitupa chooni?

Hapana, kote kuwili. Choo cha shimo kinaelekea kwenye maji ya ardhini. Shimo la shambani nalo siku moja litafukuliwa na jembe au mvua.

Mwanachama, Chamwino: Nina lita 3 za dawa iliyopita muda miaka minne. Niipulize maradufu iishe?

Usifanye hivyo, ndugu. Dawa iliyochakaa inaweza kuunguza majani, au isiue mdudu huku sumu yake kwako ikiwa palepale. Iache kwenye chombo chake, isimame wima ndani ya beseni lenye mchanga mkavu. Ikivuja, funika kwa mchanga au maranda, zoa kwa koleo, weka kwenye mifuko miwili. Usipige maji, utaieneza. Kule Vikuge, Kibaha, shehena ya dawa iliyoletwa kama msaada mwaka 1986, DDT (dawa ya wadudu inayodumu sana) ikiwemo, iliachwa kwenye banda bovu; hata baada ya dawa kuondolewa, udongo ulibaki na sumu kali.

Mwanachama, Hombolo: Mtoto akinywa, tumpe maziwa?

Usimpe maziwa wala kumtapisha. Mvue nguo, mwoshe kwa maji na sabuni. Iliyoingia machoni ioshwe kwa maji yanayotiririka dakika 15. Kimbia hospitali na chupa yenye lebo, kwa sababu daktari huchagua tiba kwa kusoma jina la kiambato. Mate mengi, jasho, mboni zilizosinyaa na misuli kutetemeka ni dalili za kundi la dawa za wadudu kama klorpirifosi, na hapo kila dakika ina thamani. Ndiyo maana dawa ya kupimiwa kwenye chupa ya soda isinunuliwe: haina lebo, na mtoto anaiona kinywaji.

Mwanachama, Mpunguzi: Gunia likijaa tulipeleke wapi?

Lisiingie kwenye gari la taka za mtaa. Anza na afisa kilimo wa kata na duka la pembejeo lililokuuzia, ulizia utaratibu wa kukusanya wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Anayechukua lazima awe na kibali cha taka hatarishi cha NEMC, baraza la taifa la mazingira, mwombe akuonyeshe. Mkikusanya kama kikundi cha AMCOS, yaani chama cha ushirika wa mazao, inakuwa rahisi zaidi, gari haliji kwa magunia mawili. Mnunuzi wa plastiki chakavu asiye na kibali msimpe, hata akilipa vizuri kwa kilo.