Namna ya Kusoma Kitabu Mpaka Uweze Kumshauri Mwenzio

Mimi ni fundi cherehani, Wete, Pemba. Watu huja kibandani kwangu kupimwa na kuchukua nguo zao, na kwa kuwa kila siku wanakikuta kitabu kimelala kando ya mashine, swali haliishi: "Fundi, hicho kizuri?" Miaka mingi nilijibu "kizuri sana" huku mguu unaendelea na pedali. Jibu hilo nimeliacha, na sababu ni hii.

Mteja wangu mmoja alifiwa na mumewe. Nilikwenda kumtazama akiwa kwenye eda, akaniambia mchana unapita kwa wageni, usiku ndio unaomshinda, nimpatie kitabu. Nikampelekea riwaya niliyoimaliza wiki ile ile. Niliilia, na kwa kuwa niliilia nikaamini hiyo ndiyo ya kumpa. Nilisahau kabisa kwamba katika mlango wa tatu mume anatoka kwenda baharini na harudi. Baada ya siku mbili akamtuma mwanawe akirudishe. Hakunilaumu. Mtoto alisema tu, "Mama kasema kimemzidi." Nililala na neno lile siku nyingi, na hapo ndipo nilipojiwekea utaratibu ninaoueleza hapa, kwa yeyote anayesoma na kuulizwa na wenzake.

Anza na nyuzi. Vitabu vyangu vingi ni vya kuazima, na kuandika pembeni mwa kitabu cha mtu ni kumkosea. Kwa hivyo nakata uzi wa urefu wa kidole. Mwekundu nauweka pale niliposimama nikarudia kusoma, iwe kwa uzuri au kwa uchungu. Mweusi nauweka pale nilipochoka, niliposhuku, au nilipokuta neno nisilolijua. Uingize mpaka ndani kwenye mshono wa kurasa, na uwe wa pamba. Wa nailoni huteleza ukadondoka kitabu kikifunguliwa. Ukimaliza, kishike kitabu kwa mgongo ukitazame kwa juu. Utaona nyeusi zimejazana wapi na nyekundu wapi, na hapo tayari una nusu ya maoni yako, tena yenye ushahidi.

Nitoe mfano wa Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyochapishwa 1999, ambayo nimeirudia mwaka huu. Yasmin ni msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa Raza, mwenye duka, mwanamume wa umri wa kuwa baba yake. Anaondoka kwenye ndoa ile, kwao wanamkana, na anayempokea ni Mwajuma wa mtaa wa Ng'ambo, mwanamke asiye na kitu ila chumba chake na moyo wake. Halafu anaingia Denge na wenzake wanaopambana na ukoloni wa Muingereza. Nilipokitazama kwa juu, nyuzi nyekundu karibu zote zilikuwa kwa Mwajuma. Nyeusi zilikuwa kwa Denge, kila anapoanza kueleza siasa yake kwa urefu. Nikaandika hivyo: roho ya kitabu hiki ni Mwajuma, na Denge anazungumza kama mtu anayesoma maneno aliyoandikiwa na mwengine. Bila nyuzi ningesema ni riwaya ya mapenzi na siasa, maneno ambayo hata asiyeifungua angeyasema. (Filamu yake, aliyoiongoza Amil Shivji, ilitoka 2021. Kama uliitazama kabla ya kusoma, mwambie unayemshauri, kwa sababu sura za waigizaji zimeshakaa machoni pako na huwezi tena kumuona Yasmin wa kitabuni peke yake.)

Ukishamaliza kitabu, kaa nacho kimya kwa siku mbili. Usiwaulize waliokisoma. Nikimuuliza mtu mapema, maneno yake huingia kinywani mwangu na baada ya wiki naapa ni yangu.

Siku ya tatu fungua daftari. Mimi natumia kaunta buku, nusu ukurasa kwa kila kitabu, si zaidi, maana nikipewa nafasi kubwa nasimulia kisa chote. Kisa nakipa sentensi tatu na naziacha kabla ya kufika mwisho wa riwaya. Baadaye naeleza tukio moja tu kwa ukaribu, lile lenye uzi mwekundu nisioweza kuuchomoa. Kisha kasoro, pamoja na nambari ya ukurasa. Hapa nawasihi sana: ukisema "kinachosha" bila kutaja kinapochosha, umemuonea mwandishi aliyekesha miaka, na umemnyima msomaji ambaye pengine kinachokuchosha wewe ndicho anachokitafuta yeye. Mstari wa mwisho ni wa nani kinamfaa na nani asikiguse kwa sasa. Mstari huo ndio niliokuwa sina siku ile ya eda, na sasa ndio ninaouandika kwa kalamu nyekundu.

Kitabu cha tafsiri kina kazi ya ziada, nayo ni kukisoma kwa sauti. Peponi ya Abdulrazak Gurnah ilitoka kwa Kiingereza 1994. Mwandishi, mzaliwa wa Unguja, akapata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi 2021, na 2022 Mkuki na Nyota wakatuchapishia kwa Kiswahili, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Nilimsomea mama yangu, ambaye macho yake hayaoni tena herufi. Nilichukua kurasa za mazungumzo kwanza, kwa sababu tafsiri ikiwa na ugonjwa huonekana hapo: watu wanaanza kusema maneno ambayo hakuna mtu barazani angeyasema. Mama alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Nilipofika pale Khalil, yule kijana wa dukani, anapomkemea na kumtania Yusuf, mtoto ambaye riwaya inamfuata, mikono ya mama ikasimama, akacheka, akasema, "Huyu namjua." Mimi nikaweka uzi mwekundu. Maneno ya wafanyabiashara na wapagazi, utani wao na matusi yao, nilihisi yamefika nyumbani baada ya safari ndefu.

Lakini uzi niliouthamini zaidi uko kwenye jambo lenyewe la riwaya. Yusuf ana miaka kumi na miwili anapochukuliwa na tajiri Aziz. Anamdhania mtu wao wa ukoo, na Khalil ndiye anayemfungua macho: baba yake ana deni, na yeye mtoto ndiye rehani. Sisi Pemba neno hilo tunalijua kwa mikarafuu. Enzi za ukoloni mashamba mengi yaliwekwa rehani, mpaka miaka ya 1930 serikali ikatunga sheria za kuyazuia yasihamie kwa wadai. Nilisoma nikifikiri: shamba lilipata sheria, Yusuf nani alimtungia? Hayo ni maoni yangu na niliyaandika kama yangu, mbali na kisa, ili anayesoma daftari asidhani Gurnah ndiye aliyeyasema. Kasoro niliyoiona ni kwamba safari ya bara imenichosha katikati. Anafaa kukisoma mwenye subira na anayependa kuona mji na bustani vikielezwa polepole. Anayetaka haki itendeke mwishoni atafute kingine.

Riwaya iliyojengwa juu ya tukio la kweli isikuchanganye. Mgomo wa Unguja wa 1948 ulikuwepo. Rashidi wa Kuli, riwaya nyengine ya Adam Shafi inayousimulia mgomo huo, kabuniwa na mwandishi. Ukimshauri mtu, mtenganishie hivyo hivyo, apate kujua anachoweza kukirudia barazani kama historia.

Vitabu vya mambo ya kweli ndivyo vilivyonipa taabu zaidi, kwa sababu tumezoea kuviamini kwa jalada. Mimi nauliza kwanza: huyu amejuaje? Alikuwepo, aliambiwa, au alisoma? Chukua Wasifu wa Siti binti Saad. Aliyeuandika ni Shaaban Robert, mtu wa Tanga, mshairi, na alikuwa akimstahi Siti. Unasoma habari za binti wa Fumba aliyekuwa akichuuza vyungu, akapanda kwa sauti yake mpaka akafika Bombay 1928 kutia sauti katika sahani za santuri. Nilikipenda mno. Hata hivyo nyuzi zangu nyeusi zilijaa pale mwandishi anapoacha kusimulia akaanza kuusia. Nilitaka kumsikia Siti mwenyewe, hasira yake, uchovu wake, alichosema aliporudi nyumbani usiku baada ya kuimba. Kwa hivyo niliandika: kisome kama sifa iliyoandikwa na mtu mwenye mapenzi, na ukisha, kasikilize nyimbo zake. Siti alifariki 1950 lakini sauti bado ipo, na yenyewe ina ukali ambao wasifu umeulainisha.

Mtu akisimulia maisha yake mwenyewe, swali ni jengine: nini kakipitia haraka? Katika Mbali na Nyumbani, kilichotoka 2013, Adam Shafi anaeleza safari yake ya ujanani, alivyotoka Unguja akitafuta njia ya kufika Ulaya. Nilikisoma na atlasi ya skuli ya mwanangu imefunguliwa juu ya meza ya kukatia, kila mji tunaufuata kwa kidole. Fanyeni hivyo na kitabu chochote cha safari. Utaona wapi mwandishi ametumia kurasa nyingi kwa masafa mafupi na wapi ameruka nchi nzima, na hapo penye kuruka ndipo pa kuweka uzi mweusi. Kwangu hiki ndicho kitabu chake cha kumpa kijana asiyependa kusoma. Kinakwenda mbio, njaa yake unaihisi tumboni, na hakuna hotuba.

Na ukipata maisha mawili ya watu wa zama moja, yasome kwa kupokezana. Mwanahistoria wa Kimarekani, G. Thomas Burgess, alichapisha 2009 kitabu kimoja chenye masimulizi ya wanasiasa wawili wa Zanzibar, Ali Sultan Issa na Seif Sharif Hamad, kutokana na mazungumzo aliyofanya nao. Ni visiwa vile vile, na mapinduzi yale yale ya 1964, lakini macho ni mawili. Mara ya kwanza nilisoma la mmoja mpaka mwisho ndipo nikaanza la mwenzake, na nilikosea, kwa sababu nilipofika kwa wa pili nilikuwa nishachukua upande. Mara ya pili niliweka alama mbili, nikawa nasoma kipande huku, kipande kule, kwa kufuata miaka. Polepole nikaanza kuona mwaka ambao mmoja anaupa kurasa na mwengine anaupa mistari. Kitabu hiki ni cha Kiingereza, na kinaamsha maumivu ya watu walio hai, kwa hivyo katika mstari wangu wa kalamu nyekundu niliandika: kwa mwenye utulivu wa moyo, na usikisome mbele ya mzee kabla hujamuuliza kama anataka kukumbuka.

Ukishaandika, kusema ni rahisi. Mtu akiuliza "kizuri?" mimi kwanza namuuliza yeye: umelala vipi siku hizi, nyumbani kuna nini, unataka kucheka au kufikiri? Namtajia kitabu kimoja, kisichozidi. Kama sikukimaliza namwambia nilipoishia. Mwisho wa riwaya siutoi hata kwa kubembelezwa, na wateja wangu wanajua nikisema "hapo nyamaza" basi nimefika mpaka wangu.

Kuhusu kuvipata, wa Unguja wana nafuu ya maktaba ya Maisara na maduka ya Darajani. Sisi tunaagizia mtu anayepanda boti, na msomaji wa Pemba hujifunza kuandika jina la kitabu na la mwandishi kwa herufi kubwa kwenye karatasi, maana ujumbe wa mdomo hufika umegeuka. Kitabu kikifika, wanakisoma watu sita au saba. Kwa ajili yao nainakili ile nusu ukurasa kwenye karatasi nyengine, naikunja, naitia ndani ya jalada la mbele, na kila anayesoma anaongeza mistari yake chini.

Ile ya Vuta N'kuvute imerudi juzi na kitabu chake. Imejaa mpaka upande wa pili. Wa mwisho kuandika ni maalim mmoja wa skuli, kwa mwandiko mdogo ulionyooka: "Bi Fundi, Denge umemuonea. Msome tena pale anapokuwa hana wa kumsikiliza." Nimezichomoa nyuzi zote, nyekundu na nyeusi, nimekata mpya. Leo usiku, nikishamaliza gauni la harusi la watu, naanza ukurasa wa kwanza.