Kuondoa ukiri na kuunganisha mdaawa mwingine katika shauri la madai

Mwongozo huu nauandika baada ya kumsaidia mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, aliyedaiwa salio la bei ya injini mbili za mitumbwi. Utetezi wake, ulioandikwa mbiombio ili siku 21 za kuuwasilisha zisipite, ulisema kwamba aya ya 3 hadi ya 6 za hati ya madai "zinakubaliwa", ilhali aya ya 5 ilidai kuwa alipokea injini zote mbili. Injini ya pili aliichukua mbia wake, ambaye hakushtakiwa. Ilibidi basi tuondoe ukiri huo, yaani kukubali dai kwa maandishi, na kumwingiza mbia awe mdaawa, yaani mhusika wa shauri. Amri na kanuni ninazotaja ni za Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya Tanzania, Sura ya 33.

Hatua ya kwanza. Chapa hati ya madai na utetezi, uvilaze mezani sambamba, kisha upitie aya kwa aya kwa kalamu nyekundu. Usifanye kazi hii kwenye simu. Tafuta pia ukiri wa kimya, kwa sababu chini ya Amri ya 8 dai la ukweli lisilokanushwa mahususi huhesabiwa kuwa limekubaliwa.

Hatua ya pili. Angalia kama mdai ameomba hukumu kwa msingi wa ukiri chini ya Amri ya 12 kanuni ya 4. Kama ameomba, wasilisha maombi yako ya kurekebisha utetezi kabla ya maombi yake kusikilizwa.

Hatua ya tatu, iliyoninyima usingizi, ni maombi ya kurekebisha utetezi chini ya Amri ya 6 kanuni ya 17. Hati ya maombi yenyewe ni fupi. Kazi iko kwenye kiapo, yaani maelezo ya ukweli yanayoambatana nayo na kuapiwa. Rasimu yangu ya kwanza ilisema tu kwamba "kulitokea makosa ya uandishi", na nilipoisoma upya usiku niliona kwamba hakimu yeyote angeuliza: makosa gani, ya nani, na yaligunduliwa lini? Niliichana. Aliyeapa mara ya pili ni mama mwenyewe, kwa kuwa wakili hawezi kuapa juu ya mambo ya mzigo ambao hakuuona ukishuka. Alieleza nani aliandika utetezi, kwa nini aya nne zilijibiwa kwa sentensi moja, na akaambatisha hati ya kupokelea mzigo yenye saini ya mbia wake. Hoja za sheria tuliziacha nje, kwa kuwa mahali pake ni kwenye mawasilisho. Injini ya kwanza tuliendelea kuikubali, na nashauri hivyo daima, kwani anayekana kila kitu baada ya kukubali kila kitu huonekana anabadilisha hadithi. Mwaka 1976, katika shauri la Modi Spinning, Mahakama ya Juu ya India ilikataa marekebisho yaliyofuta ukiri na kuleta utetezi mpya kabisa. Uamuzi huo hauzifungi mahakama zetu, lakini sheria yetu ilichukua mengi kutoka ile ya India ya 1908, na wakili wa upande wa pili anaweza kuutaja. Kwa hiyo omba kufafanua na kupunguza ukiri, usiombe kuufuta wote. Kumbuka pia kwamba marekebisho hayafuti barua wala ujumbe wa simu ambamo mteja alikiri deni. Ukiri huo unabaki kuwa ushahidi unaohitaji maelezo.

Hatua ya nne ni kumwunganisha mbia. Amri ya 1 kanuni ya 10(2) inairuhusu mahakama kuongeza mdaawa katika hatua yoyote, lakini mdai ndiye huchagua wa kumshtaki, hivyo onyesha kwamba bila mtu huyo haitapatikana amri inayotekelezeka. Ikiwa mdaiwa anataka tu kufidiwa na mtu huyo, mimi hupendelea notisi ya mtu wa tatu, yaani ya kumwita aliye nje ya shauri, chini ya kanuni ya 14 ya Amri hiyo, kwa kuwa haimlazimishi mdai kumdai mtu asiyemtaka. Kama unayetaka kumwunganisha ni halmashauri au taasisi ya Serikali, simama kwanza: Sura ya 5, yaani sheria ya mashauri dhidi ya Serikali, inadai notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe, na shauri liwe Mahakama Kuu.

Hatua ya tano. Ruhusa ikitolewa, wasilisha utetezi uliorekebishwa ndani ya muda uliotajwa, au siku 14 kama haukutajwa, kisha umpatie mdai nakala. Mteja aandae pia fedha ya gharama za mdai, maana mara nyingi ruhusa huja na sharti hilo.