Kujiamini Kunaanzia Kwenye Kikombe cha Chai: Mwongozo kwa Mama Mwenye Kitambi, Presha na Sukari

Akina mama wengi ninaokaa nao kliniki hapa Mbeya wanajua la kufanya. "Nipunguze mafuta, nipunguze wanga, nitembee," wanataja bila kukosea. Kinachowapungukia ni kuamini kwamba wao wenyewe wataweza. Mwanasaikolojia Albert Bandura alilieleza hili mwaka 1977: mtu hujiamini zaidi kwa jambo alilokwisha kulifanya mwenyewe kuliko kwa maneno ya kuambiwa. Ndiyo maana sianzi na orodha ya marufuku.

Hatua ya 1: Jua unapoanzia

Azima futi ya fundi cherehani. Fungua kanga, simama wima, tafuta kwa kidole mwisho wa mbavu na sehemu ya juu ya nyonga. Pima katikati yake, pumzi ikiwa imeshatoka, bila kubana tumbo. Kwa mwanamke, sentimita 80 au zaidi ni onyo. Kliniki watakupima mengine: presha (130/85 au zaidi), sukari ya asubuhi kabla ya kula chochote (5.6 mmol/L au zaidi), na mafuta ya damu ya aina mbili, triglisaridi (1.7 mmol/L au zaidi) na yale mazuri, HDL (chini ya 1.3 mmol/L). Ukiwa na matatu kati ya hayo matano, hiyo ndiyo sindromu ya metaboli, yaani hatari hizi kukusanyika pamoja katika mwili mmoja.

Hatua ya 2: Chagua jambo moja tu

Baridi ya Juni huku kwetu tunaijua. Chai ya maziwa vikombe vinne kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari: vijiko 12, karibu gramu 48. Shirika la Afya Duniani linashauri ikiwezekana sukari ya kuongeza isizidi gramu 25 hivi kwa siku.

Usiache yote kesho. Jiulize: "Kuanzia 0 hadi 10, nina uhakika gani kwamba nitapunguza nusu kijiko kila kikombe, wiki nzima?" Ukijibu 5, jambo hilo bado ni kubwa. Lipunguze, labda kikombe cha asubuhi peke yake, mpaka ufike 7 au 8. Wiki ikiisha umeshinda, na ushindi huo ni wako. Mdomo nao huzoea. Baada ya wiki chache chai ya zamani utaiona tamu kupita kiasi.

Hatua ya 3: Pakua mboga kwanza

Huku kwetu sahani moja hubeba wali wa Kyela, ndizi na viazi, na vyote hivyo ni wanga. Anza kupakua chainizi, mnavu au majani ya maboga mpaka nusu ya sahani. Robo iwe maharage, dagaa au samaki. Robo iliyobaki ndiyo ya wanga, kiasi cha ngumi yako. Ugali ukiwa wa dona, vizuri zaidi. Vipande viwili vitatu vya parachichi la Rungwe vinatosha kulainisha chakula badala ya kuongeza mafuta ya kukaangia.

Kama unachoma insulini au unameza vidonge vya sukari, ongea na daktari wako kabla ya kupunguza wanga. Ukitoka jasho, ukitetemeka na njaa ikakubana ghafla, huenda sukari imeshuka.

Hatua ya 4: Andaa jibu la ugenini

Hapa ndipo wengi huanguka. Ukikataa chakula, mwenyeji anaumia. Basi usikatae, omba: "Mama, mboga yako leo imenukia, niongezee hiyo, wali kidogo tu." Lirudie nyumbani kwa sauti mpaka litoke bila kigugumizi. Kwenye vikoba au msibani, kaa karibu na mwenzako mwenye safari kama yako. Kumwona mwenzako akiweza kutakupa nguvu.

Hatua ya 5: Siku ukiteleza

Umekula maandazi manne? Mlo unaofuata rudi kwenye mboga. Usijifungie njaa kama adhabu, maana jioni utakula maradufu.

Pima kiuno kila mwezi, saa ileile. Mama mmoja kutoka Tukuyu hana futi. Ana uzi wa sufi. Alifunga fundo la kwanza pale kiuno kilipofika siku ya kwanza, na kila mwezi anafunga jingine. Juzi alinitolea uzi ule kwenye pochi, akanyoosha vidole viwili kati ya fundo la kwanza na la nne, akanionyesha kabla sijauliza.