Jinsi ya kutengeneza kisukuku cha mfano kwa jani la ziwani

Wadau, hasa walimu na wazazi wa hapa Mwanza, mtoto akisikia ua la enzi za dinosaria anawaza waridi kubwaa, kumbe moja ya mimea ya maua ya zamani kabisa inayojulikana ilikuwa jani la majini lisilo na petali hata moja. Inaitwa Montsechia, imebaki kama kisukuku, yaani alama ya kiumbe cha kale ndani ya jiwe, kwenye mawe ya chokaa huko Hispania, ina miaka kama milioni 125 mpaka 130, na mwaka 2015 wanasayansi walitoa utafiti wakaifananisha na Ceratophyllum, na hiyo tunayo hapahapa ziwani! Ni lile jani la kijani linalokaa ndani ya maji, limechanua kama mkia wa paka, halina mizizi.

Usiingie majini kulichuma, kichocho kipo. Nenda mwaloni Igombe au Luchelele asubuhi mitumbwi ikirudi, umuombe mvuvi akutolee lililonasa kwenye nyavu, alafu libebe kwenye ndoo yenye maji maana likikauka tu linasinyaa.

Chukua udongo wa mfinyanzi, utandaze kwenye sahani unene wa vidole viwili, uwe mgumu kidogo. Mimi mara ya kwanza niliweka maji mengi, jani likazama lote hata alama sikupata. Laza kijitawi kimoja, kitandaze kwa njiti ya kiberiti mpaka kila jani lionekane limegawanyika mara mbili, ukandamize kwa chupa ya soda ukiviringisha taratibu, kisha ling'oe kuanzia kwenye shina.

Koroga unga wa POP wanaotumia mafundi dari, vikombe viwili kwa kimoja cha maji, mwaga haraka juu ya alama ya jani kwenye udongo maana unaganda. Utapata joto kidogo, ni kawaida. Subiri lisaa limoja ndo ubandue.

Hapo ndo patamu, mtoto atauliza ua liko wapi. Mwambie Montsechia ilikuwa na vijitunda vidogo, kila kimoja na mbegu moja tu ndani, na chavua yake ilisafiri kwenye maji, haikuhitaji nyuki wala rangi ya kumvutia. Na mwambie wanasayansi waliyaona hayo kwa kudondoshea asidi kwenye jiwe, tone kwa tone, mpaka mmea ukatokeza.

Osha udongo kwa mswaki laini, anika kivulini siku mbili, nyuma andika tarehe na mwalo ulipolipata jani.