Kuku watano uani, mayai ya nyumba nzima

Hapa Wete, Pemba, nafuga kuku watano wa mayai, jogoo sina. Mtetea hutaga bila jogoo. Ila tu mayai yake hayatoi vifaranga, na kwenye kikaango hayana tofauti. Nunua mitetea wanaokaribia miezi mitano, maana kulea vifaranga ni gharama, na kunguru wetu unawajua.

Chakula ndicho kinachomaliza pesa. Kuku mmoja hula kama gramu 120 kwa siku, na ukinunua chote dukani, yai lako halitakuwa rahisi kuliko la sokoni. Mimi nawapa chakula cha dukani asubuhi, jioni nawaongezea pumba za mpunga, mchicha na machicha ya nazi ya siku ile ile. Yaliyolala yamwage, yanaota ukungu. Dagaa wetu huchemshwa kwa chumvi kabla ya kuanikwa, na chumvi nyingi humuua kuku. Waoshe vizuri, wape kidogo. Ganda la yai likiwa laini, okota makombe pwani, yaponde, yaweke kwenye chombo chao peke yake.

Chanjo ya mdondo (ugonjwa wa kuku uitwao pia Newcastle) usiiache hata ukiwa na kuku wawili. Ile ya matone hurudiwa kila miezi mitatu: mlaze kuku ubavu, tone moja jichoni, msubiri apepese ndipo umwachie.

Banda liwe kavu, lifungwe jua likizama. Mayai okota mara mbili kwa siku, kuku asije akaanza kuatamia.