Tripodi au Monopodi: Namna ya Kuchagua kwa Mpiga Picha wa Kujifurahisha Mkoani Dodoma

Mtu anayepiga picha kwa kujifurahisha, mwenye kamera moja, lenzi moja au mbili na fedha ya kununua kifaa kimoja tu cha kuitegemeza, hufika dukani akiuliza kipi ni bora kati ya tripodi yenye miguu mitatu na monopodi yenye mguu mmoja. Likiulizwa hivyo, swali hilo halina jibu. Lenye jibu ni hili: picha zako zinapocheza, kilichotikisika ni nini, mkono wako au kitu ulichokuwa unakipiga?

Mkono wa binadamu hautulii hata mwenyewe anapodhani ametulia, na lenzi ndefu hukuza mtikisiko huo pamoja na picha yenyewe. Ndiyo maana wapiga picha wameshika kanuni ya zamani kwamba, kamera ikiwa mkononi, kasi ya shata (pazia la ndani ya kamera linalofunguka na kujifunga ili kuingiza mwanga) isiwe ndogo kuliko sehemu ya sekunde inayolingana na urefu wa lenzi, yaani zile milimita zilizoandikwa juu yake: kwa lenzi ya milimita 50 iwe 1/50, kwa lenzi ya milimita 200 iwe 1/200, na kwa kamera zenye kihisi kidogo (kipande cha ndani kinachopokea mwanga), ambazo ndizo wengi wetu tunazo, iongezwe kwa nusu yake. Monopodi huondoa mtikisiko wa juu na chini na kupunguza ule wa pembeni, hivyo humruhusu mtu kupunguza kasi mara nne, yaani kutoka 1/200 hadi 1/50, na aliyezoea huenda akapunguza zaidi. Tripodi iliyosimama imara haina mpaka huo. Shata inaweza kubaki wazi kwa sekunde 10 au 20, na jiwe likatoka na kila ufa wake. Hata hivyo, hakuna kati ya vifaa hivi viwili kinachoweza kumtuliza mtu anayecheza ngoma, mtoto anayekimbia au tawi linalopeperushwa, na hili ndilo jambo ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi.

Tuchukue ngoma za Wagogo, kwa kuwa ni nadra sherehe kubwa ya Dodoma kupita bila kuzisikia. Akina mama wamebana muheme, ngoma yao, mapajani, mikono inakwenda kasi, mabega ya wachezaji yanatikisika, na kundi zima linasogea. Ukitaka kila kitu kisimame kwenye picha, unahitaji 1/250 au kasi kubwa zaidi, na kwa kasi hiyo, ukiwa na lenzi ya kawaida, mtikisiko wa mkono hauonekani tena. Tripodi haitakuongezea chochote, isipokuwa kuzuia njia ya watu wanaotaka kuwatunza wachezaji. Monopodi, kinyume chake, inabeba uzito wa lenzi ndefu kwa muda wote wa sherehe na bado unaweza kuhama nayo kundi linapogeuka. Kuna jambo jingine ambalo ningependa kila mpenda ngoma alijaribu: kwa kasi ya 1/30 juu ya monopodi, sura ya mpigaji na ngoma yenyewe hutoka wazi ilhali mikono yake hubaki kama kivuli cha mwendo, na picha ya namna hiyo hueleza mdundo kuliko picha ambayo kila kitu kimegandishwa. Hali ni hiyo hiyo kwa anayekaa jukwaani katika uwanja wa Jamhuri na lenzi ya milimita 300: nafasi ya miguu mitatu haipo, na mchezo haumsubiri mtu apange vifaa.

Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, inataka kinyume cha hayo. Pale Kolo michoro imo chini ya miamba iliyojitokeza kama paa, kwenye kivuli, na haiendi popote. Kuwasha flashi mbele yake ni kosa hata kwa upande wa picha peke yake, kwa sababu mwanga huo wa mbele hufuta mikwaruzo na mabonde madogo ya jiwe na kuipausha rangi nyekundu. Ukiwa na tripodi unaweza kuweka ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ya chini, 100, na kuacha shata wazi kwa nusu sekunde, na rangi ikatoka kama jicho linavyoiona. Njia ya kupanda ni ya mawe na ina mwinuko mkali, kwa hiyo chagua tripodi unayoweza kuibeba kwa mkono mmoja, na ambayo kila mguu hufunguka kwa pembe yake, kwa maana sehemu tambarare ni chache. Usiiegemeze kwenye ukuta wenye michoro, wala usimwagie michoro maji ili rangi ikolee, maji huiharibu.

Baada ya jua kuzama, shindano limekwisha kabisa. Mbuyu usio na majani wa kiangazi ukiwa umesimama mbele ya anga la rangi ya chungwa, taa za mji zinazoonekana kutoka mlimani, au nyota katika uwanda wa Bahi ambako taa ni chache: hizi zote ni kazi za tripodi, na monopodi haiwezi kusaidia. Kwa nyota, gawanya 500 kwa urefu wa lenzi upate idadi ya sekunde ambazo nyota hazijaanza kuwa mistari. Lenzi ya milimita 18 kwenye kamera ya kihisi kidogo huhesabiwa kama 27, hivyo hupati zaidi ya sekunde 18 hivi. Miezi ya katikati ya mwaka ndiyo bora, kwani mawingu ni machache na Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota nyingi angani, hupita juu kabisa ya vichwa vyetu usiku.

Anayetumia simu tu asihangaike na monopodi. Simu ni nyepesi, lenzi yake ni pana, na nyingi zina njia ya ndani ya kupunguza mtikisiko. Mguu mmoja humwongezea kidogo sana, wakati tripodi ndogo yenye kishikio cha simu humpa picha za usiku, video iliyotulia na picha ya familia ambayo yeye mwenyewe yumo. Mwenye kamera na lenzi ndefu, ambaye mapenzi yake ni watu, michezo na ndege wa maziwa ya Singida, ningemshauri aanze na monopodi bila kusita. Wengine wote, tripodi.

Kuitumia kuna adabu yake. Funga shingo ya katikati ya tripodi ikiwa imeshushwa, fungua kwanza vipande vinene vya miguu, na kwenye mteremko weka miguu miwili upande wa chini na mmoja upande wa juu. Upepo wa kipupwe hapa Dodoma una nguvu ya kutosha kuangusha tripodi nyepesi, kwa hiyo ning'iniza begi kwenye ndoano yake, lakini liguse ardhi kidogo lisije likapembea. Tumia taima ya sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise kamera, na uzime kitulizi cha mtikisiko kilichomo kwenye lenzi, hasa ikiwa ni ya zamani. Kwenye monopodi kiache kimewashwa. Simama umeachanisha miguu yako, monopodi iwe mbele kidogo, uiegemee kidogo huku viwiko vimebanwa mbavuni, maana miguu yako miwili ndiyo inayokamilisha mitatu.

Dukani, usinunue kabla ya kufungua vipande vyote, kufunga vifungio vyake na kukandamiza kwa viganja kutoka juu: ukiona mguu unateleza na kuingia ndani, au kichwa kinainama chenyewe baada ya kamera kufungwa, kiache hata kama bei ni nzuri. Uliza uzito unaobebwa, kisha chukua chenye uwezo wa angalau mara mbili ya uzito wa kamera na lenzi yako. Alumini inatosha kwa matumizi ya kawaida. Kaboni ni nyepesi zaidi, lakini tofauti ya bei ningeitia kwenye lenzi. Vumbi la mkoa huu huingia kwenye vifungio vya kuzungusha, nayo mafuta hulinasa zaidi, kwa hiyo futa miguu kwa kitambaa kikavu kabla ya kuikunja, na ukisikia inakwaruza, ifungue yote na kuisafisha kabla ya kuitumia tena.