Namna ya kuisubiri mvua ya radi ukiwa Mwanza

Kila mwaka ikifika mwishoni mwa Septemba naanza kuamka usiku bila kuamshwa. Kiangazi kimeshachosha, mawe ya mlimani yanatoa joto hadi saa nne usiku, nami nalala nikisikilizia kama kuna mngurumo wowote huko majini. Nauza nyavu na kamba karibu na Mwaloni, soko la samaki la Kirumba. Nyumba yangu iko juu mlimani, na dirisha la chumbani linatazama ziwa moja kwa moja. Tangu 2014 nina daftari ambalo haliandikwi kitu kingine ila mvua za radi. Watu huniuliza nimejuaje, na wengine hukasirika siku nisipojua. Basi nimeona niandike ninavyofanya, ili anayependa mambo haya aanze vuli hii akiwa na pa kushika.

Kubali jambo moja kabla ya yote. Hakuna mtu atakayekwambia asubuhi kwamba mvua itapiga bati lako saa tisa alasiri. Kinachowezekana ni kujua kama siku imebeba mvua au haikubeba, kisha kuifuatilia saa baada ya saa. Mvua ya radi ni kama sufuria ya maji jikoni: unajua yatachemka, ila povu la kwanza litatokea wapi hujui mpaka ulione.

Lielewe ziwa kwanza

Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba karibu 68,800, liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na maji yake ya juu hukaa kwenye nyuzi 24 hadi 26 hivi karibu mwaka mzima. Mchana nchi kavu inashika joto haraka kuliko maji. Hewa ya bara inapanda, ya ziwani inakuja kuziba nafasi yake, na huo ndio upepo wa ubaridi unaotuanza Mwaloni kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo mchana, katikati ya ziwa mbingu huwa nyeupe, na mawingu yanajazana bara. Upande wa Kenya yanagonga milima ya Kisii, Nandi na Kericho, ambako mvua ya mawe ni mwenyeji kuliko karibu mahali popote duniani.

Usiku mambo yanageuka. Nchi inapoa, maji yanabaki na joto lake, upepo unatoka kila upande wa nchi kavu kwenda majini. Ukikutana huko hauna pa kwenda ila juu. Ndiyo sababu mvua za ziwani zenyewe hukomaa usiku wa manane hadi alfajiri, saa ambazo wavuvi wa dagaa wako kazini na taa zao. Na kwa kuwa upepo mkuu wa ukanda huu hutoka mashariki, makutano hayo husukumwa magharibi. Bukoba hupata mvua karibu maradufu ya Mwanza, na sababu kubwa ni hiyo.

Kwa hiyo unafuata saa mbili tofauti: saa ya bara, ambayo ni alasiri, na saa ya ziwa, ambayo ni usiku. Wengi wanaokosea huku kwetu wanazichanganya.

Vifaa

Vichache tu. Chombo cha kupimia mvua: kopo au chupa pana yenye kuta zilizonyooka, iwekwe mbali na ukuta na mti, upime kwa rula. Milimita moja ndani ya kopo ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Pima saa tatu asubuhi kila siku. Vituo vya hali ya hewa navyo husoma mvua saa hiyo, hivyo namba zako zitalingana na zao.

Kingine ni vipimajoto viwili vya kawaida, vile vya kioo. Hapa nitakaa kidogo, maana ndicho kifaa kilichonifundisha zaidi ya vyote. Kimoja kiache kikavu. Cha pili kivishe kipande cha utambi wa pamba kwenye tumbo lake, mwisho wa utambi uingie kwenye kikopo cha maji safi. Vitundike kivulini, penye upepo, mbali na bati. Subiri robo saa, kisha soma vyote viwili. Kile chenye utambi kitasoma chini, kwa sababu maji yanapokauka yanachukua joto. Hewa ikiwa kavu, maji hukauka upesi na tofauti inakuwa kubwa. Hewa ikiwa imejaa unyevu, tofauti inapungua.

Daftari langu la mwishoni mwa Agosti linasema kikavu 28, chenye utambi 17: tofauti ya 11. Siku kama hiyo sihangaiki hata kutazama juu. Oktoba ikishakolea nasoma 27 na 21 saa nne asubuhi. Tofauti ya sita. Hapo naanza kufunga duka mapema. Usichukue namba zangu kama sheria. Za mlimani kwangu hazitakuwa sawa na za Igoma au Sengerema. Chukua zako kwa msimu mmoja, utaona ni tofauti gani kwako inazaa mvua.

Asubuhi

Kabla jua halijachoma, tazama juu kabisa, si kwenye mawingu ya chini. Kuna mawingu madogo ya kimo cha kati yanayojipanga mstari, kila kimoja kina kinara kidogo kinachochomoza juu kama meno ya msumeno. Ukiyaona alfajiri, hewa ya juu tayari haijatulia, na joto la mchana likifika kutoka chini litapata njia. Kwangu ni ishara bora kuliko joto lenyewe.

Halafu jiulize jana usiku kulikuwa na nini. Swali hili wageni wa fani hulisahau. Mvua kubwa ya ziwani ikimaliza kazi alfajiri huacha blanketi la wingu na hewa baridi iliyotandaa hadi nchi kavu. Jua likizuiwa mpaka saa saba, alasiri inaweza kupita kimya hata kama unyevu ni tele. Lakini ukingo wa hewa hiyo baridi, pale inapokutana na hewa ya moto, unaweza kuwasha wingu jipya kilomita nyingi kutoka hapo. Mvua ya leo inaandikwa na ya jana, nayo inaandika ya kesho. Tofauti ndogo ya alfajiri inakua kuwa tofauti kubwa jioni. Mtaalamu wa hali ya hewa Edward Lorenz alilionyesha jambo hilo kwa hesabu mwaka 1963, na mimi naliona kila Novemba kutoka dirishani.

Mchana

Kuanzia saa sita tazama mashariki, upande wa Kisesa na Magu. Mawingu yakiwa bapa, yamekaa kama mikate kwenye kaunta na hayainuki, kuna mfuniko wa hewa ya joto juu yake. Mfuniko huo ukidumu hadi jioni, siku imekufa. Ukivunjika saa tisa baada ya joto kujikusanya muda mrefu, ndipo mambo makubwa hutokea.

Wingu linalokua lina kingo kali, kama koliflawa iliyokatwa sasa hivi. Chagua moja, lilinganishe na nguzo ya umeme au kona ya nyumba, hesabu dakika tano. Limepanda juu ya alama yako? Endelea kulitazama. Kingo za juu zikianza kulainika na kuwa kama nyuzi za pamba iliyochambuliwa, juu kumeshakuwa barafu, na radi haiko mbali. Likifika kwenye dari ya anga, ambayo huku kwenye ikweta iko kilomita kama 16 juu, haliwezi kupanda tena. Linatandaa na kupata umbo la fuawe ya mhunzi. Ncha ya fuawe inaelekea unakokwenda upepo wa juu. Ukiona imeshafika juu ya kichwa chako na shina bado liko Magu, anua nguo.

Tahadhari moja ya hapa kwetu: usidanganywe na vidudu vya ziwa. Vinapotoka majini kwa mamilioni husimama kama moshi mweusi kwenye upeo wa macho, na kwa mbali vinafanana kabisa na mvua inayonyesha. Mvua ina wingu juu yake. Vidudu havina.

Kusoma utabiri

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutumia maneno ambayo watu huyapita haraka: "maeneo machache", "baadhi ya maeneo", "maeneo mengi". Yasome polepole, uzito wote wa utabiri umo humo. "Mvua na ngurumo katika maeneo machache" haina maana kwamba mvua itakuwa ndogo. Maana yake wachache watapigwa, na hao wachache wanaweza kupigwa sana. Jirani wa Nyegezi akikaa mkavu wakati Ilemela mitaro inafurika, utabiri haukukosea.

Na ujue kwa nini hawawezi kusema zaidi. Kompyuta za utabiri wa dunia nzima hugawa anga katika vyumba, na hata zile bora chumba kimoja kina upana wa kilomita kadhaa. Shina la hewa inayopanda ndani ya wingu la radi linaweza kuwa dogo kuliko chumba hicho, hivyo kompyuta hailioni. Inakadiria tu kwamba humo ndani kuna mchemko. Ile programu ya simu inayokuonyesha kiwingu chenye radi saa tisa kamili imechukua makadirio hayo na kuyapa sura ya uhakika. Mimi picha hiyo naitumia kwa jambo moja tu: kulinganisha leo na jana. Ikiwa siku tatu zilizopita ilionyesha jua na leo imejaa radi, kuna kilichobadilika.

Jioni, saa muhimu kuliko zote

Novemba 2016 mteja wangu mmoja, mvuvi wa dagaa, alisimama dukani saa kumi na moja jioni akaniuliza, "Mama, leo twende?" Nilitoka nje nikatazama juu. Mbingu nyeupe, maji yametulia, upepo mzuri. Nikamwambia, "Nendeni mwanangu, ziwa limelala."

Saa nane usiku dirisha lilinifungukia usoni. Walirudi asubuhi wakiwa hai, wamepoteza nyavu na taa zote, mikono imechubuka kwa kukumba maji. Hakunilaumu hata neno. Alinunua nyavu nyingine kwangu kwa mkopo.

Nilichokosea ni kutazama juu ya kichwa changu. Nilipaswa kutazama bara. Mwaka huohuo mtafiti Wim Thiery na wenzake walikuwa wamechapisha utafiti ulioonyesha kwamba alasiri yenye mvua kali za radi kwenye nchi kavu kuzunguka ziwa mara nyingi hufuatwa na usiku mkali majini. Mchana ule mkoa wa Mara, mashariki ya ziwa, ulikuwa umepigwa sana. Nami sikujua, kwa sababu sikuuliza.

Siku hizi kila jioni kati ya saa kumi na moja na saa moja nafungua picha za Meteosat, setilaiti ya hali ya hewa ya Ulaya, kwenye simu. Natafuta vilele vyeupe kabisa, vyenye uvimbe kama jipu katikati ya fuawe. Hayo ni mawingu yaliyotoboa hata dari. Nahesabu yako mangapi mashariki ya ziwa, kutoka Kisii hadi Serengeti. Setilaiti ya kizazi kipya iliyorushwa Desemba 2022 ina chombo kinachoona miale ya radi Ulaya na Afrika, usiku na mchana, na kwetu tuliokaa miaka mingi tukikisia gizani hiyo ni neema. Kama huna bando, piga simu kwa mtu. Mimi nina shangazi Musoma. "Shikamoo shangazi, huko kumenyesha?" inatosha.

Na sisemi tena "nendeni". Nasema namba: leo ni mbili katika kumi, leo ni saba katika kumi. Mwanzoni walidhani nakwepa. Sasa wanaiuliza wenyewe, na kila mmoja anapima kwa mtumbwi wake na injini yake.

Nawe iandike namba hiyo kila siku kabla matokeo hayajajulikana, kwa kalamu, usifute. Amua pia unatabiri nini hasa. Mimi ni "ngurumo itasikika Kirumba kabla ya saa kumi na mbili asubuhi". Msimu ukiisha, kusanya siku zote ulizoandika saba. Zikiwa 20, ngurumo ilipaswa kusikika karibu mara 14. Ikisikika mara 19, una woga kupita kiasi wa kusema kumi. Ikisikika mara nane, unaitamani mvua kuliko unavyoitazama. Mimi ugonjwa wangu Oktoba ni huo wa pili.

Ikishafika

Ukiona mwale, hesabu sekunde mpaka ngurumo. Kila tatu ni kilomita moja. Zikiwa 30 au pungufu, ingia ndani ya nyumba, usiwe chini ya mwembe wala juu ya mawe yetu haya, hata kama picha ni nzuri kiasi gani. Chomoa waya za umeme. Kaa ndani mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Majini hakuna hesabu ya kukuokoa, mtumbwi ndio kitu kilichoinuka kuliko vyote. Kwa hiyo hesabu ya wavuvi hufanyika jioni, wakiwa bado nchi kavu.

Ninapoandika hapa ni saa kumi na mbili kasorobo. Kikavu 26, chenye utambi 21. Upande wa Magu kuna fuawe mbili, ya kaskazini inang'aa kwa jua la jioni na bado inapanda. Shangazi anasema Musoma mitaro imejaa. Leo ni usiku wa tatu wa giza la mwezi, ambapo taa za dagaa huvuta vizuri, hivyo wavuvi wote watatoka. Nimeandika saba, na sasa nateremka Mwaloni kuwaambia.